Mshenga Mwenye Mkia

Kwetu sisi watu wa pwani mshenga ni mtu mwenye haiba yake. Huvaa kanzu iliyopigwa pasi, akashika bakora, akaenda kubisha hodi nyumba ya watu baada ya sala ya alasiri, na kabla hajalitaja lililompeleka atauliza kwanza hali ya wazee, hali ya watoto, na hali ya ukuta ulioingia maji mvua za masika. Kazi yake ni ulimi. Akikosea neno moja, posa imevunjika, na lawama ataibeba yeye mpaka kaburini. Basi, msomaji wangu, usistaajabu nikikwambia kwamba huko Marekani, katika senema za mapenzi na kuchekesha, kazi hiyo tukufu imekuwa ikifanywa na mbwa kwa zaidi ya miaka 80. Ulimi anao, lakini si wa kusemea.

Wala simtaji mbwa wa kuwinda au wa kulinda boma. Huyu ni mbwa wa ndani, wa kulala zuliani, aitwaye kwa jina kama mwana wa watu. Mambo aghalabu huenda hivi: mwanamume na mwanamke hawapikiki chungu kimoja. Ama ni washindani wa kazi, ama ni majirani waliokosana, ama ni mume na mke waliokwisha peana kisogo. Kila mmoja amejifungia katika kiburi chake na ufunguo ameutupa baharini. Hapo huingia mbwa. Hajui nani kamkosea nani. Anataka chakula, anataka kutembezwa, anaumwa, amepotea. Na wale mahasimu wawili hulazimika kusemezana kwa ajili yake. Mwanzo husema juu ya mbwa tu. Baadaye husahau kwamba walikuwa wakisema juu ya mbwa.

Katika michezo ya miaka ya karibuni limezidi jambo moja: yule mbwa hanunuliwi dukani, bali hutolewa katika makao ya mbwa waliotupwa, akachukuliwa kwenda kulelewa. Nami naona jambo hilo limebadilisha maana ya mchezo mzima, ingawa wanaotazama huenda wasitambue.

Mfano ulio karibu ni picha iitwayo Dog Days, iliyotolewa huko Marekani mwezi wa Agosti 2018, mwelekezi wake Ken Marino. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha katika simu yake. "Mjomba," akaniambia, "hii utacheka, lakini tafadhali usimwambie mama kwamba mimi ndiye niliyekutilia mbwa nyumbani." Mama yake, ambaye ni dada yangu, ni mtu ambaye hata akiota mbwa huamka akatawadha.

Mji ni Los Angeles. Elizabeth, anayechezwa na Nina Dobrev, ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika televisheni. Amemfumania mwanamume wake, na tangu siku hiyo yeye na mbwa wake Sam wamenyong'onyea wote wawili, tena mbwa zaidi, hata akapelekwa kwa mtaalamu wa kutibu huzuni za mbwa. (Hapo niliisimamisha picha nikamwuliza mpwa wangu kama nimesikia vyema. Nilisikia vyema.) Kisha analetwa kipindini bwana mmoja aitwaye Jimmy, anayechezwa na Tone Bell, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, na mazungumzo yao ya kwanza ni ya kurushiana mishale mbele ya kamera. Ama wakubwa wa televisheni hawana haya: wakiona watazamaji wameyapenda magomvi, huyafanya magomvi kuwa kazi. Jimmy akawekewa kiti karibu na Elizabeth. Bibi yule akaona amenyang'anywa nusu ya riziki yake.

Jimmy naye ana mbwa jike, Brandy. Sam akimwona Brandy huzuni humtoka kama mtu aliyekunywa maji ya zamzam. Sasa mwanamke yule afanyeje? Kumchukia mwenye Brandy anataka, lakini kumnyima Sam furaha yake hawezi. Basi huenda, hukaa, huongea, na sisi tunaotazama tunajua tangu dakika ya kwanza mambo yatakakoishia. Hilo si kosa. Hata anayesikiliza hadithi ya Abunuwasi anajua kwamba Abunuwasi atashinda. Anakaa ili ajue vipi.

Pana visa vingine ndani yake, tena vingi kupita kiasi, kama sufuria moja iliyotiwa vitoweo vitano. Yupo msichana auzaye kahawa, Tara, anayechezwa na Vanessa Hudgens, anayeokota kijibwa kilichotupwa. Moyo wake uko kwa daktari wa wanyama mwenye sura nzuri, lakini mtu anayehangaika naye ni Garrett, kijana mwenye kuendesha makao ya mbwa, asiyejua kujipamba wala kujisemea. Makao yenyewe yanafika ukingoni mwa kufungwa, na wahusika wote wanakusanyika katika tafrija ya kuchangisha fedha. Visa hivyo nitavipita. Senema hii haikuwa na nguvu kubwa katika majumba ya senema, na kwa kweli nusu yake ni peremende.

Lakini kimo ndani yake kisa kimoja kilichonifanya niache kucheka. Yupo mzee Walter, mwalimu wa fasihi aliyestaafu, mkewe amekufa, hana mtu nyumbani ila mbwa mnene aitwaye Mabel. Mchezaji wake ni Ron Cephas Jones, ambaye alifariki mwaka 2023, na sura yake ilikuwa na ule uchovu wenye adabu unaouona kwa wazee wetu wanaokaa barazani peke yao baada ya wenzao kutangulia. Siku moja kijana aletaye chakula mlangoni anamwachia Mabel akatoroka. Mzee anamtafuta mji mzima, kijana yule akimsaidia. Na huku upande wa pili pana mume na mke waliomchukua mtoto wa kike kumlea, nao hawajui namna ya kumfikia. Mtoto hasemi, hacheki, amekaa katika nyumba ile kama mgeni anayengoja gari. Wanamwokota mbwa njiani. Mtoto akaanza kucheka.

Mbwa ni mmoja, na wanaomhitaji ni wawili. Mzee anamwona mbwa wake, anamwona na yule mtoto, naye anamwachia mtoto. Hakuna hotuba ndefu. Ukiwa umewahi kuona bibi akivua bangili aliyoachiwa na mamake akamvisha mjukuu, basi umekwisha kuiona sura ile.

Sasa usidhani kwamba mchezo huu wa mbwa mshenga umezaliwa jana. Mwaka 1937 ilitoka senema ya kampuni ya Columbia iitwayo The Awful Truth, maana yake "Ukweli Mchungu", mwelekezi wake Leo McCarey, wachezaji wake wakubwa Cary Grant na Irene Dunne. Nayo, kwa maoni yangu, inaishinda ile ya 2018 mara saba.

Mume, Jerry, amemwambia mkewe Lucy kwamba alikuwa Florida, mahali pa jua. Kumbe hakwenda popote. Amejichoma uso kwa taa ya umeme ili aonekane ametoka juani, akanunua na kikapu cha machungwa kuwa zawadi. Machungwa yale yamepigwa muhuri wa California, yaani upande wa pili kabisa wa nchi. Ni kama mtu wa Mombasa aseme alikuwa Lamu, akaleta tende zilizoandikwa Muscat. Lakini mke naye siku hiyo anarudi nyumbani asubuhi na mwalimu wake wa uimbaji, akisema gari liliharibika njiani usiku. Kila mmoja anamshuku mwenzake, hapana anayetaka kuuliza kwa upole, wakafika mahakamani. Kadhi wao akawapa talaka itakayotimia baada ya siku 90. (Siku 90, msomaji! Sitaki kulinganisha visivyolingana, lakini mtu aliyesoma mlango wa eda hawezi kuisikia hesabu hiyo asitabasamu.)

Mali hawakuigombania. Waligombania mbwa, jina lake Mr. Smith. Hakimu akaamua mbwa achague mwenyewe: akaachiwa katikati ya ukumbi, mume akamwita huku, mke akamwita kule. Mbwa akasita. Ndipo Lucy akamchungulizia kwa siri kidude cha kuchezea alichokificha, na mbwa akamkimbilia. Hukumu ikatoka: mbwa akae na mke, mume aruhusiwe kumzuru. Na kwa ruhusa hiyo ya kumzuru mbwa, Jerry anapata njia halali ya kuingia nyumba ya mkewe kila atakapo, akauvuruga uchumba wake na tajiri mmoja wa mafuta kutoka Oklahoma.

Kisa cha kofia ndicho kilichobaki midomoni mwa watu wa senema mpaka leo. Yule mwalimu wa uimbaji yumo nyumbani mwa Lucy, na Jerry anabisha hodi. Lucy anamficha mwalimu chumbani, lakini kofia yake imebaki nje. Anaificha kofia. Mbwa, aliyezoeshwa mchezo wa kutafuta vilivyofichwa, anaitoa mbele ya mume. Anaificha tena, mbwa anaitoa tena, mkia unamcheza kwa furaha ya kazi njema. Mbwa yule hana hila hata chembe. Yeye ndiye mkweli pekee katika nyumba nzima, na ukweli wake ndio unaowaumbua, na mwisho ndio unaowarudisha pamoja kabla saa haijagonga usiku wa mwisho wa zile siku 90.

Mbwa aliyecheza mchezo huo jina lake la kweli lilikuwa Skippy. Alikwisha kuonekana katika The Thin Man mwaka 1934, akaonekana tena na Cary Grant huyo huyo katika Bringing Up Baby mwaka 1938. McCarey alipewa tuzo ya Oscar ya uelekezi kwa The Awful Truth, naye akatamka hadharani kwamba wamempa tuzo kwa picha isiyokuwa yenyewe, kwani yeye aliipenda zaidi picha yake nyingine ya mwaka ule ule, ya wazee wawili waliotenganishwa na watoto wao.

Na wale watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao, nawakumbusha mwaka 1994 na Hum Aapke Hain Koun, ambayo wengi wetu hapa Mombasa tuliitazama kwa kanda za video mpaka kanda zikakwaruzika. Nani aliyesuluhisha shauri lile lililokwisha kuharibika, wakati Madhuri Dixit yu karibu kuolewa na nduguye Salman Khan kwa ajili ya kumlea mtoto wa marehemu dada yake? Ni mbwa, Tuffy, yule yule aliyekuwa mwamuzi katika mchezo wa kriketi. Alipewa barua ampelekee Prem, akampelekea kaka mtu, na siri ikafunuka. Akina mama waliokuwa wakifukuza mbwa kwa fagio asubuhi walimlilia Tuffy jioni. Niliwaona.

Haya, turudi katika lile nililosema kwamba limebadilika. Mr. Smith wa 1937 ni mali ya nyumba. Ni kipenzi, lakini ni mali, na ndiyo maana hakimu anamgawa. Mbwa wa makao si mali. Ni kiumbe aliyewahi kuwa na mwenyewe, akatupwa. Ana historia asiyoweza kuisimulia. Anaogopa fagio, hujui kwa nini. Anajificha akisikia mlango ukibamizwa, hujui ni mlango gani uliombamiza zamani. Na wale watu wawili wanaogombana katika mchezo nao wametupwa: huyu ameachwa, yule amefiwa, wa tatu amestaafishwa. Kumchukua mbwa wa namna hiyo ni kukubali kuanza na kiumbe aliyeumizwa na mtu mwingine. Ndoa nyingi za utu uzima ndivyo zilivyo.

Makao hayo yana asili yake. London, mwaka 1860, bibi mmoja aitwaye Mary Tealby alianzisha nyumba ya mbwa waliopotea katika mtaa wa Holloway. Mwaka 1871 ikahamia Battersea, na iko huko hata leo. Huko New York, Henry Bergh alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama mwaka 1866, na mwaka 1869 wanawake wa Philadelphia, akiwamo Caroline Earle White, wakaunda chama chao wakaanza kuwaweka mbwa wa njiani mahali pa salama badala ya kuuawa kwa njia za kikatili kama ilivyokuwa desturi. Hapa Kenya nacho kipo chama cha hifadhi ya wanyama kilichoanza mwaka 1910, makao yake Nairobi.

Na usidhani kazi hiyo imekwisha huko. Kwa makadirio yaliyotolewa na chama hicho cha Bergh mwaka 2019, mbwa kama milioni 3.1 waliingia katika makao ya Marekani kila mwaka. Kama milioni 2 walipata watu wa kuwachukua. Kiasi cha 390,000 waliuawa kwa sindano kwa kukosa mtu au kwa maradhi na ukali. Hesabu hiyo imepungua sana ukilinganisha na zamani, lakini ndiyo hesabu iliyojificha nyuma ya kila kicheko katika senema hizi. Watazamaji wa kule wanaijua. Wanapomwona msichana amesimama mbele ya kizimba hajui amchukue yupi, wanajua kwamba yule asiyechukuliwa huenda asiione wiki ya pili. Mtu akimtaka, hujaza karatasi, huulizwa anaishi wapi na nani, hulipa ada, na mbwa hutolewa akiwa amechanjwa na kwa kawaida amefungwa uzazi. Kwa ufupi, anaposwa. Wapo watu hapa kwetu waliowaoza binti zao kwa maswali machache kuliko hayo.

Sasa nasikia mzee mmoja huko Kibokoni akikohoa nyuma ya gazeti lake. Anataka kuniuliza: wewe uliyesoma chuoni ukakhitimu, mbona leo unatuletea mbwa?

Namjibu kwa adabu. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na hukumu ya mbwa kwetu inajulikana tangu ukuti wa kwanza wa chuo: najisi yake ni nzito, mate yake yakigusa chombo huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Ndugu zetu wa Maliki wanamhesabu tohara, wakaosha chombo kwa kufuata amri tu. Mimi sitoki katika madhehebu ya babu zangu kwa ajili ya senema. Mbwa wa kulala kitandani si wangu. Na mafunzo yanajulikana juu ya kupungukiwa thawabu kwa anayefuga mbwa ndani pasi na haja ya kuwinda, mifugo au shamba.

Lakini najisi ni hukumu ya chombo na nguo. Si ruhusa ya jiwe. Mtu mkavu akimgusa mbwa mkavu, hana la kuosha. Hilo nalo limo katika vitabu vile vile, ila watu hulipita haraka. Na mtu yule aliyeshuka kisimani akanywa, akatoka akamkuta mbwa analamba mchanga kwa kiu, akarudi chini akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha: huyo alisamehewa dhambi zake, na masahaba walipouliza kama wanyama nao wana ujira, wakajibiwa kwamba kila chenye uhai kina ujira ndani yake. Na kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, na kila Ijumaa tunampita mbwa amelala kizingitini mwa pango, mikono ameinyoosha, analinda vijana wa Mungu. Amehesabiwa pamoja nao katika hesabu yao. Wafalme wangapi hawakuhesabiwa!

Na kama ni mapenzi, basi mbwa katika mapenzi si mgeni kwa Waislamu. Maulana Rumi, katika Masnavi yake ya karne ya 13, anasimulia habari ya Majnuni aliyemkuta mbwa, akambusu, akamzunguka kwa heshima. Watu wakamwona amezidi wazimu. Naye sababu yake ilikuwa moja: mbwa yule alikuwa wa mtaa wa Laila. Huyo ni mshenga aliyewatangulia wa Los Angeles kwa miaka mia saba. Tena huko Baghdad mwanachuoni Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, alitunga kitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi katika wale wavaao nguo. Hakukusudia kuwapandisha mbwa. Alikusudia kuwashusha marafiki zake.

Mpwa wangu aliposikia hayo akasema, "Kumbe, mjomba, tungeweza kuandika mchezo wetu." Tungeweza. Mimi nimekwisha kuuona.

Kichochoro cha nyuma ya kwangu pana mama mmoja mjane achomaye mahamri, na hatua sita kutoka kwake pana mzee mgane auzaye kahawa na kashata. Kwa miaka minne hawakusemezana. Mzee alidai moshi wa kuni za mahamri unaingia katika dele lake na kuwakimbiza wanywaji; mama alidai wanywaji wa kahawa wanakalia baraza yake na kuwaziba wateja wake wasione sinia. Wakitaka kuambiana neno, walimtuma mtoto aliyesimama katikati yao. "Mwambie huyo mzee kwamba baraza si ya babake." Mtoto anageuka. "Mwambie huyo bibi kwamba nimesikia, si kiziwi."

Mwaka jana, wakati wa mvua, mbwa jike wa njiani akazaa watoto wanne chini ya mkokoteni mbovu uliosimama baina yao. Watoto wa mtaa wakaanza kupiga mawe. Vijana wawili wakasema watakwenda kununua sumu, wamalize jambo, maana mbwa wa njiani huleta kichaa. Hofu yao haikuwa ya bure. Shirika la afya la ulimwengu linakadiria watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Lakini dawa iliyothibitika ni chanjo: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali, ugonjwa hukatika njiani, na ndiyo njia iliyoshikwa na mpango wa Kenya wa 2014 hadi 2030. Sumu humuua aliyechanjwa na asiyechanjwa, na wiki ya pili huja wengine kutoka jaani wasiojulikana. (Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie sindano hospitali siku ile ile. Asingoje kuona.)

Siku ya sumu mzee wa kahawa aliinuka katika kigoda chake, jambo ambalo halitokei kabla ya adhuhuri, akawaambia wale vijana kwamba atakayeweka sumu pale hatakunywa kahawa yake tena maishani. Yule mama naye, kutoka upande wake, akaongeza kwamba hatakula hamri. Vijana wakaona wamefungiwa milango miwili ya asubuhi kwa mara moja. Wakarudi nyuma.

Kisha likaja tatizo la maji. Mbwa ametoka kuzaa, kiu inamwua, na nani atatoa chombo chake kinajisike? Mzee akalitazama dele lake, akaliondoa karibu. Ndipo yule mama akaingia ndani akatoka na kifuu cha nazi aliyoikuna asubuhi, akakijaza maji, akakisukuma kwa ufagio mpaka chini ya mkokoteni. Kifuu ni kitu cha kutupwa. Hakina kuoshwa mara saba. Mzee, ambaye alisoma vitabu kuliko wengi wanaokunywa kwake, akamtazama kwa muda, akasema, bila ya kumtuma mtoto:

"Hapo umefanya fikihi, bibie."

"Nimefanya maji tu, mzee wangu," akajibu yule mama. "Fikihi fanya wewe, mtafutie daktari."

Akamtafuta. Tulichanga, nami nikiwamo, mbwa akachanjwa, na wanawe walipofikia umri nao wakachanjwa, isipokuwa mmoja ambaye tuktuk ilikwisha kumpitia asubuhi ya mvua, na yule mama hakuchoma mahamri siku ile, akasema unga umeharibika. Wawili wamechukuliwa na mwenye shamba upande wa Kisauni, awalindie mbuzi, na hapo hata mzee wa Kibokoni hana la kusema. Amebaki mama yao na mwana mmoja mwenye sikio jeusi, wanalala chini ya mkokoteni, na vifuu sasa ni viwili.

Mpwa wangu huniuliza kila akija ndoa ni lini. Mimi humjibu kwamba mgane na mjane wakinunua gunia moja la mkaa kwa pamoja si ndoa, ni biashara, na asiwatie watu maneno. Lakini juzi nilipopita baada ya sala ya alfajiri, jiko la kahawa lilikuwa limezimwa, na dele lilikuwa likichemka juu ya jiko la mahamri.